Kazi ya Siku ya Kwanza

Haya, tulieni. Wiki nzima mmenipigia kelele, wengine mmenitukania mpaka wazazi, mnataka kujua geti limefunguka au halijafunguka. Halijafunguka. Sasa kaeni vizuri nisimulie, na wewe unayesoma kwa kuchungulia begani mwa mwenzako, nunua gazeti lako.

Mama Cheche aliingiza ufunguo kwenye kufuli, akauzungusha, kufuli likaachia, akalitupa chini. Akasukuma geti kwa bega. Geti likagoma. Akarudi nyuma hatua mbili, akalivamia kwa mwili mzima, likagoma tena. Ndipo alipoiona mishono: juu mmoja, katikati mmoja, chini mmoja. Watu walikuwa wamelichomelea geti la kituo chake kwa nje, chuma kwa chuma, saa sita mchana.

Na ndani mlikuwa na vijana kumi.

Moshi ulikuwa umeshaanza kutoka dirisha la darasa la cherehani. Vitambaa vikishika moto havina mchezo, na darasa lile lilikuwa na majora matatu mapya.

"Mama! Mama, tunakufa huku!"

"Rudini nyuma! Lowesheni nguo mfunike pua!"

"Maji hamna, Mama! Wamekata bomba!"

Katika sauti zile kumi moja aliitambua mara moja, kwa sababu aliizaa mwenyewe. Binti yake wa mwisho, miaka kumi na mitano, mwanafunzi wa umeme. Mtaa mzima humwita Kitinda. Sauti ya Kitinda haikuwa inalia. Ilikuwa inawapanga wenzake mstari, na hilo lilimtisha mama yake kuliko kilio.

Kwa uliyeingia leo kwenye hadithi, sikiliza haraka maana sirudii. Mama Cheche ni fundi wa kuchomelea, mjane. Karakana aliyoachiwa na mumewe ameigeuza kituo cha kufundisha vijana kazi: kuchomelea, umeme na ushonaji. Ni vijana wa mtaa ambao hakuna aliyewataka isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa ameketi upande wa pili wa barabara, kwenye benchi la kinyozi, miguu ameikunja nne, anakunywa soda.

Huyo ndiye Meneja.

Meneja hana ofisi. Kazi yake ni kuvunja nyumba za watu, na wafanyakazi wake ni watoto wembamba wanaopita madirishani. Chini ya benchi lake kulikuwa na dumu la petroli, tupu. Kulia kwake alisimama jitu moja linaloitwa Bonge, limeshika ubao wenye misumari. Kushoto kwake alisimama mwembamba mwenye panga, ambaye kwa sababu ya kovu lake wanamwita Mshono. Msinicheke, sikumpa mimi jina hilo.

Na katikati, chini, kwenye vumbi, aliketi msichana wa miaka kumi na sita aliyevimba jicho. Wote walimjua. Ni Mashoto, mwanafunzi bora wa kuchomelea kituoni. Mbele yake ilikuwa mashine ndogo ya kuchomelea ya kituo, imepasuliwa kwa mawe.

Mama Cheche hakumwona kwanza. Alikuwa anakimbilia upande wa kichochoro, kwenye mlango wa nyuma wa stoo, alipogongana kifua kwa kifua na Shemeji Seremala.

Shemeji Seremala ni mdogo wa marehemu mumewe. Karakana yake ya mbao imepakana na kituo kwa nyuma. Waliwahi kugombana vibaya juu ya kiwanja kile, wakasuluhishwa, na tangu hapo ndiye aliyetengeneza madawati yote ya kituo bila kudai hata ahsante. Vijana humwita Baba Mdogo.

"Usiende huko, shemeji!" alimshika mabega yote mawili. "Nimetoka huko sasa hivi! Mlango wa nyuma unawaka, haukaribiki!"

"Kitinda yumo ndani!"

"Najua yumo ndani! Mwanangu yule!" Macho yake yalikuwa mekundu, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, anayafuta kwa kiganja na yanarudi. Mama Cheche aliyaona machozi yale, na katikati ya wazimu wote alishukuru kwamba kuna mtu mmoja duniani anayelia naye.

"Nipe grenda yako, nikate hili geti."

"Umeme wamekata, shemeji. Waya huo hapo, unaning'inia. Tusubiri zimamoto."

"Zimamoto watapita wapi kwenye barabara hii?"

Mama Cheche akarudi getini mbio, akaupapasa mshono wa katikati kwa vidole. Ulikuwa bado una joto.

Lazima niwaambie jambo moja kuhusu mafundi wa kuchomelea. Mshono wa fundi ni mwandiko. Wewe utaona chuma kimevimba tu, yeye ataona mkono uliopita pale, ulianzia wapi, uliharakisha wapi, uliogopa wapi. Na mshono ule ulikuwa mzuri. Ulikuwa umenyooka, unang'aa, vimawimbi vimepangana sawasawa. Tatizo ni kwamba vimawimbi vyote vililalia upande usio wa kawaida. Mtu wa mkono wa kulia hawezi kuutoa vile hata umlipe mwaka mzima.

Kituoni kulikuwa na watu wawili tu wa mkono wa kushoto. Mmoja ni Mama Cheche mwenyewe.

"Ni Mashoto wako," Shemeji alisema kwa sauti ya chini sikioni mwake. "Nilimwona kwa macho yangu. Anachomelea huku wao wanampigia makofi. Sikutaka kukwambia."

Damu ilimpanda Mama Cheche mpaka masikio yakaziba. Miezi minane alimlisha mtoto yule. Alimlaza chumba kimoja na Kitinda. Alimshika mkono ule wa kushoto kwa mkono wake mwenyewe wa kushoto, akamwonyesha jinsi ya kutembeza fimbo ya kuchomelea, kwa sababu hakuna fundi mwingine angeweza kumfundisha.

Akavuka barabara.

"We mama, ishia hapo hapo," Bonge alisema, akainua ubao.

Mkononi Mama Cheche alikuwa bado amebeba pakiti ya fimbo za kuchomelea alizotoka kununua, kilo tano, nzito, imefungwa imara. Hakusimama hata kufikiri. Aliizungusha kutoka begani, ikamkuta Bonge mdomoni, na meno mawili yakaruka na damu. Bonge aliketi chini bila kutaka, akishika uso wake kwa mikono yote miwili.

Mshono alishusha panga. Alilenga shingo, Mama Cheche akainua mkono wa kulia, ncha ikamchana kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo. Kwanza haikuuma. Kisha iliuma mpaka akaona giza.

"Mwache," Meneja alisema, akapiga funda la soda. "Mwache aje. Nataka aongee na fundi wake."

"Fungua watoto," Mama Cheche alisema. Damu ilikuwa inamdondoka kwenye vidole. "Mimi nipo. Nichinje mimi. Fungua watoto."

"Watoto wa nani? Hao ni wafanyakazi wangu. Nilikuwa na vijana kumi na saba, dada. Kumi na saba! Umeniachia hawa wawili unaowaona, tena wavivu." Bonge alitaka kulalamika, akatema damu tu. "Ungeishia hapo ningekusamehe. Lakini ukawafundisha kutengeneza vyuma vya madirisha! Mazoezi ya vitendo, eti. Kila dirisha la mtaa huu sasa lina nondo. Wezi tutapita wapi? Tukalale njaa?"

Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli kabisa, na nadhani aliamini amedhulumiwa.

"Basi na mimi nikasema, acha na mimi nipate huduma. Nikamkamata fundi wako bora akirudi kazini na mashine yake, nikachomeka umeme kwa kinyozi hapa, nikamwambia, chagua: uchomelee geti au nikukate mkono huo wa kushoto. Akachagua. Angalia kazi yake ilivyo safi."

Mama Cheche alimnyanyua Mashoto kwa ukosi. Msichana alikuwa mwepesi kuliko pakiti ya fimbo. Akampiga kofi lililosikika mpaka ng'ambo.

"Kwa nini?"

Mdomo wa Mashoto ulipasuka. Hakulia. Alimtazama fundi wake kwa jicho moja lililofunguka, akasema polepole, neno kwa neno:

"Nimefanya kazi ya siku ya kwanza, Fundi."

Kofi la pili. "Nakuuliza kwa nini!"

"Kazi ya siku ya kwanza, Fundi. Mishono yote mitatu."

Meneja alicheka. "Kumbe ni siku yako ya kwanza? Karibu kazini, binti."

Mkono wa Mama Cheche ulikuwa hewani kwa kofi la tatu. Ulibaki hewani.

Ngoja niwaeleze, halafu mtanielewa kwa nini mkono ule ulibaki hewani. Kila kijana anayeingia kituoni, siku ya kwanza hupewa vipande viwili vya chuma aviunge. Huviunga. Mshono unatoka mzuri, unang'aa, mwenyewe meno yote nje. Mama Cheche hukiweka kile chuma sakafuni, hupiga nyundo moja. Kah! Vipande viwili, kila kimoja njia yake. Moto ulikuwa mdogo, mkono ulikwenda mbio, mshono umekaa juu juu, chuma na chuma havikushikana ndani. Darasa zima hucheka mpaka hukaa chini.

Tangu hapo neno hilo limekuwa tusi lao. Suruali ikichanika matako, kazi ya siku ya kwanza. Mchumba wa fulani akikimbia baada ya wiki, kazi ya siku ya kwanza. Mtu wa nje ya kituo hawezi kujua maana yake, na Meneja hakuwahi kukanyaga ndani ya kituo.

Mama Cheche alimtazama mtoto yule aliyevimba jicho. Alimtazama mdomo alioupasua yeye. Aibu ilimshika hata akatamani ardhi immeze. Mtoto alikuwa amewekewa panga shingoni, akapunguza moto wa mashine bila mtu kuona, akaremba mishono mitatu ya uongo kwenye geti, kisha akakaa kwenye vumbi kumsubiri fundi wake aje aisome. Na fundi wake alikuja akasoma jina tu, hakusoma kazi.

Sasa ilibidi afiche. Meneja akigundua, mtoto hana shingo.

"Mungu wangu," Mama Cheche alilia kwa nguvu, akamsukuma Mashoto chini. "Umeniua! Sikujui! Kuanzia leo sikujui!"

Alirudi upande wa geti akipepesuka, anajishika mkono unaovuja, na Meneja akampigia mluzi kwa nyuma. Kupepesuka hakukuwa uongo wote. Moshi sasa ulikuwa mweusi na umefika madirisha yote. Nyuma ya zile nondo ilionekana mikono, kisha haikuonekana.

"Shemeji," alinong'ona, "nipe nyundo. Ile kubwa."

"Nyundo ya nini? Chuma kimechomelewa hicho!"

"Nipe nyundo."

"Mimi ni mtu wa mbao, shemeji, mimi na chuma wapi na wapi? Unapoteza muda. Ile nyundo kubwa imepotea tangu juzi. Twende tukawatafute watu wenye ngazi, turuke ukuta."

"Ukuta una chupa!"

"Basi tusubiri—"

"Chukua hii."

Alikuwa mama mgonga kokoto, yule anayekaa kona ya barabara na lundo lake la mawe. Mwanawe wa kiume alikuwa ndani, darasa la cherehani. Alikuwa amesimama hapo muda wote bila mtu kumwona, kama kawaida ya mtaa ule, ambao humwona akiwa na kokoto tu. Alinyoosha nyundo yake yenye mpini uliong'aa kwa mikono ya miaka ishirini.

"Chukua, wala usinieleze," alisema. "Piga tu."

Mama Cheche aliishika kwa mkono wa kushoto, ule mzima. "Jitengeni na geti!" alipiga kelele. "Kaeni ukutani wote!"

Geti lile hufungukia ndani. Ndiyo maana wao wangelisukuma mpaka kiama lisiende popote. Lilihitaji pigo moja la nje, juu ya mshono wenyewe.

Akapiga wa juu. Kah!

Mshono ulibanduka wote, mzima, ukaanguka miguuni mwake ukiwa bado umejipinda vizuri. Mama mgonga kokoto alisema "Heee!" kwa sauti kubwa.

Ng'ambo, chupa ya soda ilisimama njiani kuelekea mdomoni.

Akapiga wa katikati. Kah!

"Mshono!" Meneja alinguruma, na alimaanisha mtu, si chuma. "Mkate! Mkate kichwa!"

Mshono alivuka barabara mbio, panga juu. Hatua ya tano hakuimaliza. Jiwe la ukubwa wa ngumi lilimpata juu ya nyusi, la pili likampata gotini, la tatu sikumbuki lilimpata wapi. Mtu aliyegonga mawe miaka ishirini anajua uzito wa kila jiwe kabla hajaliokota. Mshono alianguka kifudifudi, na yule mama akaenda kumkalia mgongoni, akaendelea kumponda mkono wenye panga mpaka vidole vikaachia.

Mama Cheche akapiga wa chini. Kah! Geti likafunguka kwa teke.

Moshi ulitoka kwanza. Kisha walitoka wao, wameshikana mashati mstari mmoja kama walivyopangwa, wanakohoa, wanatapika, nyusi zimeungua. Wa mwisho alitoka mtoto wa mama mgonga kokoto, mgongo wa shati unawaka. Mama Cheche alimgaragaza chini, akauzima moto kwa viganja vyake.

Ndipo waliposikia yowe.

Meneja alikuwa ameelewa. Polepole, lakini alielewa. Alikuwa amemlaza Mashoto chali barabarani, amemnyoosha mkono wa kushoto juu ya ukingo wa mtaro, na alikuwa anaukanyaga kwa buti. Mara moja. Mara ya pili. Mifupa ililia, na kila mtu aliyekuwapo aliisikia.

"Siku ya kwanza, ee? Siku ya kwanza? Hii ndiyo siku yako ya mwisho!"

Aliinua buti mara ya tatu na halikushuka. Vijana waliotoka motoni walimfikia. Hawakuwa wamepanga chochote, hata kikohozi kilikuwa hakijaisha. Wa kwanza alimchoma mkasi wa kukatia vitambaa kwenye paja, ukaingia mpaka vitanzi. Wa pili alimpitishia waya wa umeme shingoni kwa nyuma, akavuta. Walimwangusha, wakampanda. Hawa ndio aliowafundisha kuingia madirishani, ndio aliowachapa waliporudi mikono mitupu, na kila mmoja alikuwa na lake la kumrudishia. Mateke yalishuka mbavuni, kichwani, mdomoni. Soda na damu vilichanganyika vumbini. Bonge alisimama, akatazama bosi wake, akatazama wale watoto, akatoka nduki, na mpaka ninapoandika hajaonekana.

"Msimuue!" Mama Cheche alipaza sauti. "Mmenisikia? Mfungeni! Mkimuua mmerudi kazini kwake!"

Waya ulilegea shingoni. Kidogo tu.

Alipiga magoti kwa Mashoto. Mkono ule wa kushoto ulikuwa umegeuka vibaya na umeanza kuvimba. Mama Cheche alitaka kuomba msamaha, akambusu kwenye paji la uso lenye vumbi.

"Fundi," Mashoto alisema, meno yanagongana. "Ulichelewa kusoma."

"Nilichelewa, mwanangu. Nilichelewa."

"Wametoka wote?"

Mama Cheche aligeuka. Akahesabu vichwa. Akahesabu tena, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Tisa.

"Kitinda yuko wapi?"

Waliangaliana. Mtoto wa mama mgonga kokoto alikohoa, akasema: "Alitupanga mstari, Mama. Halafu akasema atajaribu mlango wa nyuma, wa stoo. Alisema ule unafunguka kwa komeo tu. Akaingia stoo. Moto ukaziba mlango wa katikati, hakurudi."

Stoo ndimo inamokaa mitungi miwili ya gesi ya kukatia vyuma. Nilishawaambia hilo sehemu ya tatu, wasahaulifu nyie.

Mama Cheche aliokota nyundo, akakimbia. Hakuhisi mkono, hakuhisi miguu, alihisi jina la mwanawe tu linamgonga kifuani. Nyuma yake alisikia hatua.

"Shemeji! Shemeji, usiende, nilishakwambia unawaka!" Seremala alimfikia kwenye kona ya kichochoro, anahema. Alimtazama, na sura yake ikalainika. "Basi twende wote. Lakini lete nyundo, mkono wako unavuja, utazimia. Nitavunja mimi."

Alisema kweli. Kidole gumba kilikuwa kinateleza kwa damu. Alimpa nyundo.

Wakaingia kichochoroni. Ni chembamba, watu wawili hawapishani, ukuta wa kituo kushoto na ukuta wa useremala kulia. Mama Cheche mbele, Shemeji nyuma.

Mlango wa nyuma haukuwa unawaka.

Rangi yake ya bluu ilikuwa nzima, haijababuka hata pembe moja. Moshi kidogo ulikuwa ukivuja chini, basi. Mama Cheche aliweka kiganja juu ya chuma. Vuguvugu tu.

"Kitinda!"

Kutoka ndani, karibu kabisa, kiganja kilipiga. "Mama! Komeo nimefungua lakini mlango hauendi! Mama, mitungi imeanza kupata moto!"

Mama Cheche alitazama ukingo wa mlango. Hapo palikuwa na mshono, mrefu, kuanzia kichwani mpaka gotini. Aliupitishia kidole. Ulikuwa mnene, umezama, chuma kimeingia ndani ya chuma. Tena joto lake la kuchomelewa lilishatoka, ni wa tangu alfajiri. Hii haikuwa kazi ya siku ya kwanza. Hii ilikuwa kazi ya mtu aliyetaka usifunguke kamwe.

Na mara hii alisoma yote.

Mshono ulikuwa wa mkono wa kulia, na ulikuwa na vituo. Kila baada ya upana wa vidole vitatu mkono ulisimama, ukaacha kifundo kidogo, kisha ukaendelea. Aliujua mwandiko ule. Alilala nao kitanda kimoja miaka kumi na tisa. Marehemu mumewe alikuwa na pumu. Alikuwa akishika pumzi kwa vidole vitatu, anapumua, anaendelea.

Marehemu yuko kaburini mwaka wa sita. Na maisha yake yote aliwafundisha kuchomelea watu wawili tu. Mkewe, ambaye kwa mkono wake wa kushoto alishindwa kumwiga. Na mdogo wake, ambaye hakuwa na pumu hata kidogo, lakini alimpenda kaka yake hata akaiga na vituo vya kupumua, kabla hajakasirika na kuhamia mbao.

Mama Cheche hakugeuka upesi. Aliyakumbuka macho yale mekundu na machozi yasiyokoma. Moshi wa kichochoroni haukutosha kumliza mtu. Kila fundi wa kuchomelea anayajua macho ya mtu aliyechomelea bila barakoa. Hayaumi papo hapo. Huanza baada ya saa kadhaa, kama yametiwa mchanga, na hutoa machozi mchana kutwa.

Akageuka.

Shemeji alikuwa ameziba njia yote. Alijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Macho yako yameanza kuwasha saa ngapi, shemeji?"

Seremala alitazama nyuma, akahakikisha kichochoro ni kitupu. Kisha akashika mpini wa nyundo kwa mikono miwili.

"Mama?" Kitinda aliita kutoka ndani, anakohoa. "Mama, nyundo unayo?"